Tiba ya usonji kwa Medicaid: mwongozo kamili kwa mzazi anayeishi Marekani

Mama mmoja aliniletea mfuko wa plastiki uliojaa bahasha, nyingi hazijafunguliwa. Mwanawe ana miaka minne na ana usonji (autism). Kliniki ilikuwa imemwombea saa 20 za tiba kwa wiki, naye akawa anangoja kupigiwa simu. Jibu tulilikuta kwenye bahasha ya tano: bima imekubali saa 10 tu. Barua ilimpa siku 60 za kupinga. Tulipoifungua ilikuwa siku ya 73.

Nafanya kazi ya ukalimani kwa familia zetu hapa, Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania, na jambo hili nalikuta kila mwezi. Wazazi wanahangaika, wanaamka usiku wa manane na watoto wao, halafu barua moja ya Kiingereza cha kisheria inawazima. Wengi tumelelewa hivi: ofisi ikisema hapana, unashukuru na kuondoka. Kwenye Medicaid ya mtoto, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hapana ya kwanza unaruhusiwa kuipinga, na sheria ina nguvu kuliko barua uliyotumiwa.

Mwongozo huu ni kwa mzazi ambaye mtoto wake ana kadi ya Medicaid, au anastahili kuwa nayo.

## Herufi tano za kushika kwanza: EPSDT

Hili ndilo jina la haki ya matibabu ya watoto ndani ya Medicaid. Inamhusu kila mtoto mwenye Medicaid hadi atimize miaka 21, katika majimbo yote 50. Inasema kwamba ikiwa tiba ni ya lazima kwa afya ya mtoto, na ni ya aina ambayo sheria ya Medicaid inaitambua, jimbo lazima liilipie hata kama mtu mzima mwenye kadi hiyohiyo hapewi.

Sheria haidai kwamba tiba imponye mtoto. Inatosha kama inarekebisha tatizo, inalipunguza, au inamzuia mtoto asirudi nyuma. Kwa hiyo bima ikikwambia "mtoto haonyeshi maendeleo makubwa", hiyo peke yake haitoshi kumkatia huduma.

Haki hiyo inagusa tiba ya ABA, ambayo ni mafunzo ya tabia na mawasiliano anayopewa mtoto hatua kwa hatua. Inagusa pia tiba ya usemi, na tiba ya vitendo inayomfundisha mtoto kuvaa, kula na kuvumilia kelele au mguso. Julai 2014 serikali kuu iliyaandikia majimbo yote kuyakumbusha kwamba watoto wenye usonji wamo ndani ya wajibu huu.

## Vitu vya kuandaa

Nunua faili moja lenye mifuko, na daftari moja. Ndani ya faili weka:

- kadi ya Medicaid ya mtoto, na kadi ya kampuni inayoisimamia kama ziko mbili;
- cheti cha kuzaliwa na karatasi za uhamiaji za mtoto;
- rekodi za chanjo na za kliniki, hata zile za kambini au za nyumbani Afrika;
- ripoti zozote za shule au chekechea;
- kila bahasha yenye jina la mtoto. Usitupe bahasha yenyewe, maana muhuri wa posta unaonyesha barua ilitumwa lini.

Daftari ni la simu. Kila ukipiga, andika tarehe, jina la aliyepokea, na alichosema. Siku ya kubishana, daftari hilo litakusaidia kuliko kumbukumbu.

Chukua pia video fupi tatu au nne kwa simu yako: mtoto akila, akicheza peke yake, akikasirika, akijaribu kuomba kitu. Mtoto anaweza kukaa kimya kabisa mbele ya daktari kwa dakika 40, na ukaambiwa hana shida.

## Hatua ya 1: Hakikisha kadi iko hai, na ni ya aina gani

Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Uliza mambo mawili: je, bima ya mtoto inafanya kazi leo, na je, hii ni Medicaid au CHIP?

CHIP ni bima nyingine ya watoto. Majimbo mengine yana CHIP iliyo mbali na Medicaid, kwa familia zenye kipato cha juu kidogo. Kadi zinaweza kufanana, lakini CHIP ya namna hiyo si lazima itoe haki ya EPSDT. Ukiambiwa ni CHIP, uliza papo hapo kama kuna njia ya Medicaid kwa mtoto mwenye ulemavu. Majimbo kadhaa yana mpango unaojulikana kwa jina la Katie Beckett, unaohesabu kipato cha mtoto na kuacha cha wazazi.

Ukihama nyumba, badilisha anwani wiki hiyohiyo. Tangu Januari 2024 sheria inampa mtoto miezi 12 mfululizo ya bima hata kipato cha wazazi kikibadilika, lakini fomu ya kuhuisha huja kila mwaka, na ikienda kwenye nyumba ya zamani bima inakatika.

Tahadhari kwa wakimbizi. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inabana Medicaid ya serikali kuu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026: wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata green card wanatolewa kwenye orodha. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, haimgusi. Kwa mtoto aliyekuja kama mkimbizi, mwaka mmoja ukitimia omba green card yake bila kuchelewa, na uliza shirika lililowapokea kama jimbo lenu limechagua kuwahudumia watoto wote wenye vibali. Majimbo mengi yamechagua hivyo.

Utajua umefaulu: umeandika kwenye daftari neno "Medicaid", jina la kampuni inayoisimamia, na tarehe ya kuhuisha.

## Hatua ya 2: Omba uchunguzi, na udai mkalimani

Mwambie daktari wa mtoto kwa maneno mafupi: "Nina wasiwasi na usonji. Naomba apimwe." Huna haja ya kungoja daktari aone mwenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauriwa kumchuja kila mtoto akiwa na miezi 18 na tena miezi 24, na wasiwasi wa mzazi ni sababu tosha wakati wowote.

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 watatumia maswali 20 yanayoitwa M-CHAT. Hapa ndipo familia zetu nyingi zinapotea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Nilikuwa chumbani na mama aliyeulizwa kama mwanawe anaongea. Akajibu, "Ndiyo, anaongea sana." Nesi akaweka alama. Nikaomba ruhusa ya kuuliza swali kwa upana: akitaka maji anasemaje? Mama akafikiri. "Hasemi. Ananishika hapa," akajishika kifundo cha mkono, "ananivuta mpaka kwenye bomba, anaweka mkono wangu juu yake." Na maneno je? Yalikuwa ya matangazo ya televisheni, anayarudia neno kwa neno usiku kucha. Mtoto huyo alikuwa akikaribia kuandikwa mzima kwa sababu ya jibu moja la haraka.

Kwa hiyo usijibu "ndiyo" kwa heshima au kwa aibu. Eleza unachokiona nyumbani. Daktari akiuliza kama mtoto anaonyesha kwa kidole, haulizi habari ya adabu. Anauliza kama mtoto anakuonyesha ndege angani ili mfurahi pamoja. Kumsema mtoto wako ukweli si kumlaani, hata shangazi akisema vinginevyo.

Mkalimani ni haki yako na ni bure, kwa daktari na kwa bima pia. Sema Kiswahili, na utaje unakotoka, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vina maneno yanayotofautiana. Kama lugha ya moyo wako ni Kibembe au Kinyamulenge, sema hivyo. Usikubali mwanao mkubwa akalimani. Ni mzigo usiomfaa, na kliniki hairuhusiwi kumtumia isipokuwa kwa dharura.

Mchujo ukionyesha dalili, daktari atakuandikia rufaa kwa mtaalamu: daktari wa ukuaji wa watoto, mwanasaikolojia, au daktari wa neva. Mtaalamu anaweza kutumia kipimo kinachoitwa ADOS-2, cha michezo na mazungumzo, cha dakika 40 hadi 60.

Utajua umefaulu: una ripoti mkononi yenye utambuzi wa usonji, namba F84.0, na sahihi ya mtaalamu. Omba ripoti nzima. Muhtasari wa ukurasa mmoja hautoshi kwa bima.

## Hatua ya 3: Usikae bure ukingoja foleni ya mtaalamu

Foleni inaweza kuchukua miezi. Jiandikishe kwenye kliniki mbili au tatu kwa pamoja, na uombe kuwekwa kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa na wengine.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji utambuzi ili aanze kusaidiwa. Kila jimbo lina mpango wa msaada wa mapema. Kentucky na Indiana wanauita First Steps, Texas wanauita ECI. Unaweza kupiga simu mwenyewe bila daktari. Tangu siku ya kupokea jina la mtoto wana siku 45 za kumpima na kukaa nawe kupanga huduma, na upimaji ni bure.

Akifikisha miaka 3, iandikie shule ya umma ya mtaa wako kuomba apimwe kwa elimu maalumu. Iwe barua au baruapepe, isiwe maneno ya mlangoni. Akistahili, mtapanga IEP, mkataba wa huduma zake shuleni.

Shule haichukui nafasi ya Medicaid, wala Medicaid haichukui nafasi ya shule. Shule inamsaidia ajifunze. Medicaid inalipia afya yake, pamoja na usalama nyumbani, usingizi na kula. Bima ikikwambia "shule inampa tayari", mwombe daktari aandike shule inafanya nini na inaacha nini.

## Hatua ya 4: Barua ya daktari

Barua hii ndiyo inayobeba ombi lote, na barua nyingi ninazoziona zina mistari miwili: "Mtoto ana usonji. Napendekeza ABA." Bima inaikataa hiyo kwa dakika tano.

Mwombe daktari aandike mambo haya:

1. Utambuzi, tarehe, na aliyeutoa.
2. Matatizo yenyewe, kwa idadi. "Anakimbilia barabarani mara tatu kwa wiki" ina uzito kuliko "ana tabia ngumu".
3. Tiba gani, saa ngapi kwa wiki, kwa miezi mingapi.
4. Nini kitatokea asipoipata.
5. Kwamba tiba ni ya lazima kitabibu chini ya EPSDT, ili kurekebisha au kupunguza hali yake.

Idadi za kipengele cha pili utazitoa wewe. Wiki mbili kabla ya miadi, andika kila siku kwenye daftari: ameanguka chini mara ngapi, amejipiga kichwa mara ngapi, amelala saa ngapi, amekula vyakula vipi. Kama anakula wali mweupe na chapati tu, andika.

Utajua umefaulu: umesomewa barua kwa Kiswahili ukamwona mtoto wako ndani yake.

## Hatua ya 5: Kliniki na ombi la idhini

Piga simu kwa kampuni ya bima uombe orodha ya kliniki za ABA zinazopokea kadi yako na zenye nafasi sasa. Kama hakuna, mwambie mratibu wa huduma: "Ni kazi yenu kunitafutia, hata kliniki isiyo na mkataba nanyi." Andika jibu lake.

Kliniki itampima mtoto, itatengeneza mpango, kisha italipeleka ombi la idhini ya awali. Kwa mikataba ya bima inayoanza 2026 na kuendelea, bima ina siku 7 za kujibu ombi la kawaida. Kabla ya hapo zilikuwa 14. Siku zinaweza kuongezwa, lakini lazima uambiwe.

Kabla ombi halijatoka, uliza kliniki: "Mmeomba saa ngapi?" Kuna kliniki zinazoomba pungufu kwa sababu hazina wafanyakazi wa kutosha. Hapo tatizo si bima, na dawa yake ni kliniki nyingine.

Uliza pia habari za usafiri. Medicaid inalipia gari la kumpeleka mtoto na mzazi wake kwenye tiba, ila lazima uagize siku kadhaa kabla.

Tahadhari. Usichanganye jambo hili na programu za ziada za walemavu zinazoitwa waiver. Hizo zina orodha za kungoja, pengine miaka. Jiandikishe huko pia, lakini mtu akikwambia "tiba ya mwanao ina orodha ya kungoja ya jimbo", uliza anazungumzia kipi. EPSDT haina orodha ya jimbo ya namna hiyo.

## Hatua ya 6: Soma barua ya majibu siku inayofika

Fungua. Usiiweke juu ya friji. Kama huisomi, piga namba ya bima uombe mkalimani akusomee kwa simu, au uombe tafsiri ya maandishi.

Tafuta tarehe iliyo juu. Kisha tafuta namba za huduma. Tiba ya ABA ya ana kwa ana huandikwa 97153, na huhesabiwa kwa vipande vya dakika 15, vinne kwa saa. Kwa hiyo saa 20 kwa wiki ni vipande 80, na kwa wiki 26 ni vipande 2,080. Barua ikisema imeidhinisha vipande 1,040, umepewa saa 10 kwa wiki, hata kama juu imeandikwa neno la kukubali kwa herufi kubwa.

Yule mama wa mfuko wa plastiki, barua yake ilikuwa hivyo hasa. Kukubaliwa nusu ni kukataliwa nusu, na unaweza kukata rufaa kwa ile nusu iliyokataliwa.

Soma pia sababu. "Karatasi hazijitoshelezi" inamaanisha kliniki itume zilizopungua, na mwombe daktari azungumze kwa simu na daktari wa bima. Mara nyingi inaisha hapo. "Umri wake umepita", "saa zimefikia kikomo cha mwaka" au "tiba haiponyi" ni sababu zinazogongana na EPSDT, maana jimbo haliruhusiwi kumwekea mtoto kikomo kisichoangalia mahitaji yake.

## Hatua ya 7: Kata rufaa

Kiswahili kinatumia neno rufaa kwa daktari kukutuma kwa mtaalamu, na pia kwa kupinga uamuzi. Mkalimani wa simu akisema "rufaa", muulize ni ipi, maana nimeona mzazi akidhani ametumwa hospitali kumbe alikuwa anaambiwa ana haki ya kupinga.

Una siku 60 tangu tarehe ya barua. Unaweza kukata kwa simu au kwa maandishi. Fanya yote mawili. Kliniki inaweza kukukatia kama umesaini idhini.

Kama bima inapunguza au kusimamisha tiba ambayo mtoto tayari anaipata na kipindi kilichoidhinishwa hakijaisha, kata rufaa ndani ya siku 10 na useme wazi unataka huduma iendelee hadi uamuzi utoke. Fahamu kwamba ukishindwa, majimbo mengine yanaweza kukudai gharama za kipindi hicho. Uliza kabla ya kuamua.

Maneno unaweza kuyatumia haya, mkalimani akuandikie:

> Mimi ni mzazi wa (jina), aliyezaliwa tarehe (…), namba ya bima (…). Nakata rufaa dhidi ya uamuzi wa tarehe (…) uliopunguza tiba ya ABA kutoka saa 20 hadi saa 10 kwa wiki. Mwanangu ana umri chini ya miaka 21 na ana haki ya EPSDT, kifungu cha 1905(r) cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Daktari wake ameeleza kwamba saa 20 ni za lazima kitabibu. Naomba bila malipo nakala ya faili lote na vigezo mlivyotumia. Naomba mkalimani wa Kiswahili.

Ambatisha barua ya daktari, ripoti ya utambuzi na kurasa za daftari lako. Bima lazima impe kazi mtu ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza na mwenye ujuzi wa hali ya mtoto. Ina siku 30 za kujibu, au saa 72 kama daktari atathibitisha kwamba kuchelewa kunamhatarisha mtoto.

Wakikataa tena, una siku 90 hadi 120, kutegemea jimbo lako, za kuomba kusikilizwa na jimbo, mbele ya afisa asiye wa bima, mara nyingi kwa simu. Hapo usiende peke yako. Kila jimbo lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu na ofisi za msaada wa sheria bila malipo. Piga simu siku uliyopata barua ya pili, maana wana watu wengi wa kuwahudumia.

Utajua umefaulu: una namba ya rufaa na barua ya kuthibitisha kwamba imepokewa. Simu isiyo na namba haihesabiki.

## Hatua ya 8: Tiba ikianza

Kaa kwenye vipindi vya mafunzo ya wazazi, namba 97156, na uombe mkalimani humo pia. Mtoto anayefundishwa kuomba maji kwa Kiingereza kliniki, huku nyumbani bibi anamsubiri aseme "maji", anajifunza nusu. Waambie neno la nyumbani, walitumie.

Usikubali kudaiwa nyongeza. Kliniki iliyopokea Medicaid haina ruhusa ya kukudai tofauti kwa huduma iliyolipiwa. Bili ikija, ipeleke kwa bima kabla ya kulipa senti.

Idhini mara nyingi ni ya miezi 6. Weka alama kwenye kalenda wiki 6 kabla haijaisha, uulize kliniki kama wametuma ombi jipya. Ikiisha kabla ombi halijaingia, unapoteza pia ile haki ya huduma kuendelea wakati wa rufaa.

Yule mama hakukata tena rufaa ya zamani, muda ulikuwa umepita. Tulimwomba daktari barua mpya yenye idadi za daftari lake, kliniki ikatuma ombi jipya kutoka mwanzo, na barua iliyofuata aliifungua hapohapo kwenye kisanduku cha posta, akaipiga picha, akanitumia kabla hajapanda ngazi.